ROLAND: SHUJAA ALIYEGOMA KUPIGA BARAGUMU, NA UPANGA WAKE ULIOGOMA KUVUNJIKA

Leo tunakwenda Ulaya ya kale, enzi za ngao na farasi, kwenye stori ambayo nimekuwa nikiisoma vipande vipande kwenye simu zaidi ya mwaka sasa, usiku, ule muda ambao bando linakuwa rahisi. Mimi shule niliishia kidato cha nne, na Ulaya niliyofundishwa darasani ilikuwa ya viwanda na ukoloni, basi. Haya ya mashujaa na mapanga yenye majina niliyajulia kibanda umiza, kwenye muvi za kutafsiriwa, ambako kila anayeshika upanga mtafsiri anamwita komandoo.

Kilichonifanya nikae chini kuandika ni habari moja ya Juni 2024. Kule Ufaransa kuna kijiji kinaitwa Rocamadour, kimebandikwa kwenye ukuta wa jabali kama kiota cha mbayuwayu. Juu kwenye mwamba, mahali ambapo mtu hafiki kwa mguu tu, kulikuwa na upanga mkuukuu umechomekwa kwenye ufa na kufungwa mnyororo. Watu wanakwenda kuutazama miaka nenda rudi. Wenyeji wanasema huo ndio Durendal, upanga wa Roland. Siku hiyo watu wanaamka, wanaangalia juu, upanga haupo. Umeibiwa!

Sasa Roland ni nani? Wengi wetu tunamjua King Arthur na Excalibur yake, lakini Wafaransa ukiwauliza komandoo wao (haya, na mimi nimeanza) watakutajia Roland. Habari zake zimo kwenye utenzi mrefu wa mishororo kama 4,000, uliotungwa karibu mwaka 1100 kwa Kifaransa cha zamani. Nakala yake ya zamani kabisa iliyobaki ipo Oxford, Uingereza.

Stori yenyewe iko hivi. Mfalme Karolo Mkuu, yule ambaye Wafaransa wanamwita Charlemagne, yuko Hispania anapigana na Waislamu mwaka wa saba sasa. Mji uliobaki ni Zaragoza tu, wa mfalme Marsile. Marsile anaomba amani. Nani apelekwe kujibu? Hiyo ni kazi ya hatari, maana wajumbe waliotangulia walikatwa vichwa. Roland, ambaye ni mpwa wa mfalme, anasema: apelekwe baba yangu wa kambo, Ganelon.

Hebu jiweke kwenye nafasi ya Ganelon. Mtoto wa mke wako anakutaja mbele ya wazee wote uende sehemu ambayo watu hawarudi. Karolo anamkabidhi glovu yake ya mkono wa kulia, ambayo enzi zile ilikuwa alama ya kwamba umekabidhiwa mamlaka, na Ganelon anaiangusha chini. Watu wote wanaguna, wanajua hapa pana mkosi. Na kweli, alipofika kwa Marsile akauza mechi. Akamwambia: Karolo akiondoka, nyuma kitabaki kikosi cha kulinda mgongo wake, nami nitahakikisha Roland ndiye anakiongoza. Mmalize huyo, na Karolo atakuwa amekatwa mkono wa kulia.

Ikawa hivyo. Jeshi kubwa likatangulia kuvuka milima ya Pirenei kurudi Ufaransa, Roland akabaki nyuma na watu 20,000, pamoja na wenzake wakubwa kumi na wawili, rafiki yake wa damu Olivier, na askofu mkuu mmoja anaitwa Turpin, ambaye anabariki asubuhi na kuua mchana. Mahali panaitwa Roncevaux. Njia nyembamba, milima huku na huku.

Olivier anapanda kilimani, anaangalia, anaona jeshi la adui halina mwisho. Anashuka mbio: Roland, piga baragumu, mfalme asikie arudi. Roland anakataa. Olivier anamwomba tena. Anakataa. Mara ya tatu, anakataa! Sababu yake ni kwamba ukoo wake utachekwa, itasemwa aliomba msaada kwa kuogopa.

Nimeshawahi kubishania hapa na washkaji wangu kijiweni mpaka chai ikapoa. Kuna wanaosema huo ndio uanaume, kiongozi haombi msaada kabla hajapigana. Mimi niko upande wa Olivier, na sitatoka. Kama ni shingo yako peke yako, sawa, kuwa mbishi upendavyo. Lakini pale nyuma yake kuna watu 20,000 ambao nao wana mama zao, na hakuna aliyewauliza kama wako tayari kufa ili jina la ukoo wa Roland libaki safi.

Wakapigana, na utenzi hapo unakupa kila pigo: nani kapasuliwa kofia, nani kakatwa yeye na farasi wake kwa pigo moja. Nitaruka, maana ni nyingi na zinafanana. Mpaka wamebaki watu sitini tu. Ndipo Roland anasema sasa nitapiga baragumu. Olivier safari hii ndiye anakataa, na anakataa kwa hasira. Anamwambia ukweli wote usoni: watu hawa wamekufa kwa sababu yako. Anamwambia hata Aude, dada yake ambaye alikuwa mchumba wa Roland, hatampata tena. Yaani marafiki wawili wanagombana katikati ya maiti. Turpin anakuja kuamua ugomvi. Anasema: baragumu halitatuokoa tena, lakini lipigwe, ili mfalme arudi alipize, na tuzikwe vizuri tusiliwe na mbwa.

Roland anapiga. Anapiga kwa nguvu mpaka mshipa wa kichwani unapasuka na damu inamtoka mdomoni. Huko mbali Karolo anasikia. Ganelon anajaribu kuzuga: achana naye, unamjua huyo, anaweza kupiga baragumu siku nzima kwa ajili ya sungura mmoja. Mfalme hakudanganyika.

Sasa angalia hapa. Roland hauawi na upanga wala mkuki wa adui. Kinachomuua ni lile baragumu alilokataa kulipiga mapema. Huyo mtunzi wa zamani, ambaye hata hatumjui vizuri ni nani, hapa alijua anachofanya.

Kabla hajafa, Roland anataka kuuvunja Durendal usije kuingia mikononi mwa adui. Anaupiga kwenye jiwe mara kadhaa. Jiwe linameguka, chuma kinalia, upanga hauna hata pengo. Na huu si upanga wa duka: kwa mujibu wa utenzi malaika ndiye alimwagiza Karolo ampe mpiganaji wake mmojawapo, na ndani ya mpini mna masalia ya watakatifu: jino la Mtakatifu Petro, damu ya Mtakatifu Basili, nywele za Mtakatifu Denis, na kipande cha nguo ya Bikira Maria. Ndiyo maana mashujaa wale waliapa wakiwa wameshika mpini, walikuwa wanaapia masalia yale. Anaongea nao kama unavyoongea na mtu unayemuaga. Ulipogoma kabisa kuvunjika, akalala chini ya msonobari, upanga na baragumu vikiwa chini yake, uso ameuelekeza Hispania, akanyoosha glovu yake ya kulia juu kwa Mungu. Malaika Gabrieli akaja kuipokea. Kumbuka ile ya Ganelon ilianguka chini.

Baadaye Karolo alilipiza, Ganelon akahukumiwa akafungwa kwenye farasi wanne na kuchanwa, na ndugu zake thelathini waliosimama kumdhamini wakanyongwa. Aude alipopewa habari alianguka akafa hapohapo.

Haya, hiyo ndiyo hadithi. Sasa tuje kwenye kilichotokea kweli, maana tukio ni la kweli na tarehe ipo: 15 Agosti 778.

Karolo hakukaa Hispania miaka saba, alikaa miezi tu. Utenzi unasema alikuwa mzee wa miaka zaidi ya 200. Ukweli ni kwamba alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu. Na hili ndilo lililonishangaza kuliko yote: alikwenda kule kwa sababu aliitwa na Waislamu wenyewe. Mwaka 777 gavana mmoja Mwislamu, Sulayman al-Arabi, alimfuata mpaka Paderborn huko Ujerumani kuomba wamsaidie dhidi ya amiri wa Cordoba. Karolo akafika Zaragoza na jeshi lake, mji ukamfungia milango. Akaona aibu, akageuza. Njiani kurudi akabomoa kuta za Pamplona, mji wa Wabaski, wenyeji wa milima ile.

Na walioshambulia kikosi chake cha nyuma ni nani? Wabaski. Mwandishi Einhard, aliyeishi kwenye nyumba ya mfalme na kuandika maisha yake, anasema wazi: Wabaski walijificha juu kwenye msitu, wakawashukia bondeni, wakaua wote, wakapora mizigo, na giza likawafunika wakatawanyika. Hakuna mfalme Marsile, hakuna jeshi la laki nne, hakuna Ganelon. Ni watu waliobomolewa mji wao wakasubiri kwenye kona.

Kitabu cha matukio ya kila mwaka cha wafalme wale mwanzoni hakikuandika kabisa kwamba walipigwa. Kimya! Ilikuja kuongezwa baadaye. Nakala ya habari mbaya kufichwa na ofisi haijaanza leo.

Imekuwaje basi Wabaski wakageuka Waislamu? Angalia mwaka. Papa Urban wa Pili alitangaza Vita vya Msalaba mwaka 1095, Yerusalemu ikatekwa 1099, na utenzi unatoka kipindi hichohicho. Watu walihitaji adui wa aina fulani, na ule ushindwe wa miaka 300 nyuma ukavishwa nguo mpya. Waandishi wa karne ya 12 wanasema hata kabla ya hapo, mwaka 1066 kule Hastings, Wanormani waliimbiwa habari za Roland wakienda kupigana na Waingereza. Yaani vita walivyoshindwa ndivyo vikawa wimbo wa kuwapandisha mori.

Kuhusu lile baragumu nina la kuongeza, maana linatugusa. Jina lake ni Olifant, ambalo kwa lugha yao ya zamani ni tembo tu. Ni siwa, kama ile siwa ya Pate iliyochongwa kwa pembe ya ndovu. Masiwa ya namna hiyo yalitengenezwa kweli, mengi kusini mwa Italia karne ya 11, na bado yapo kwenye makumbusho ya Ulaya. Pembe zilitoka Afrika. Al-Masudi, msafiri Mwarabu wa karne ya 10, aliandika jinsi pembe za ndovu zilivyotoka nchi ya Zanj, yaani pwani yetu hii, zikapelekwa Oman na kutoka huko India na China. Kuna wanahistoria wa sanaa wanaosema zingine zilipanda Bahari ya Shamu mpaka Misri na kuvuka hadi Italia. Kwa hiyo siwa ya aina aliyopuliza Roland kwenye hadithi, huenda meno yake yaliwahi kula majani ya huku kwetu.

Roland hakuishia kwenye utenzi. Huko Pirenei kuna pengo kwenye ukuta wa mlima, zaidi ya mita 2,800 juu ya bahari, wanasema alilikata yeye kwa Durendal. Sicily wanamwita Orlando na anachezwa na vikaragosi vya mbao vyenye deraya. Ila kwangu mimi penye maajabu zaidi ni Ujerumani. Mjini Bremen, mbele ya jengo la halmashauri ya mji, amesimama Roland wa mawe, mita tano na nusu hivi, na upanga mkononi, tangu 1404. Kabla yake alikuwepo wa mti, na mwaka 1366 watu wa askofu mkuu walimchoma moto. Kwa nini kiongozi wa dini amchome shujaa aliyefia dini? Kwa sababu wafanyabiashara wa Bremen walimfanya alama ya uhuru wao, kwamba mji huu ni wa mfalme mkuu na sisi wenyewe, askofu hatutawali. Wakamrudisha wa mawe, asiungue. Wenyeji husema akisimama, Bremen iko huru.

Nirudi kwa Einhard nimalizie. Kwenye orodha yake ya wakubwa waliokufa bondeni siku ile, Roland ni wa tatu, mkuu wa mpaka wa Brittany, amepewa maneno machache basi, na kuna nakala ambazo jina lake halimo kabisa. Wa kwanza ni Eggihard, msimamizi wa meza ya mfalme. Wa pili ni Anselm. Ile tarehe ya 15 Agosti tunaijua kwa sababu iliandikwa kwenye maombolezo ya kaburi la Eggihard, si la Roland. Lakini upanga wa Eggihard hakuna aliyeuchomeka kwenye jabali, wala hakuna mwizi aliyepanda usiku kuufuata.