Habari za Jeshi la Leningrad

Mtu asomaye habari za vita vya mataifa hukutana na majina ya wafalme na majemadari, lakini mara nyingi husahau kuuliza askari wao walikaa wapi siku za amani, nani aliwalisha, na amri iliwafikia kwa njia gani. Kumbe mambo hayo ndiyo yaonyeshayo jeshi lilivyo. Kwa hiyo twataka kusimulia habari za jimbo moja la jeshi la Warusi, lile la kaskazini, lililoitwa kwanza Jimbo la Petersburg, kisha la Petrograd, kisha la Leningrad. Kazi yake kubwa ilikuwa kuulinda mji ulio kando ya mto Neva. Na tutazame jinsi lilivyoitenda kazi hiyo.

Mji huo ulianza kujengwa na mfalme Peter Mkuu mwaka wa 1703, mahali penye matope karibu na bahari, katika nchi aliyoiteka kwa Waswidi. Baadaye akaufanya kuwa mji mkuu wa ufalme wake. Basi mji mkuu wa Warusi ulikuwa pembeni kabisa mwa nchi yao, kama nyumba ya mzee iliyojengwa mlangoni mwa boma. Neno hili msomaji alishike, maana mengi tutakayoyasimulia yametokana nalo.

Hapo kale jeshi la Warusi halikuwa na majimbo ya namna hii. Mambo makubwa na madogo yalipelekwa Petersburg, yakangoja jibu la waziri. Katika vita vya Crimea, vya mwaka wa 1853 hata 1856, Warusi walikuwa na askari wengi sana, lakini walikuwa wametawanyika kulinda mipaka ya mbali, wala hapakuwa na watu wa akiba waliofundishwa vema. Bandari yao ya Sevastopol ikaanguka mwaka wa 1855. Ndipo mfalme Alexander wa Pili alipotambua kwamba wingi wa watu bila utaratibu mwema si nguvu. Mwaka wa 1861 aliwapa uhuru wakulima waliokuwa wamefungwa na mashamba ya mabwana, na mwaka uo huo akamweka Dmitry Milyutin awe waziri wa vita.

Milyutin ndiye aliyeigawanya nchi katika majimbo ya jeshi. Kama vile kanisa lilivyogawanywa katika mitaa, na kila mtaa una mchungaji wake, vivyo hivyo kila jimbo lilipata jemadari wake, na ghala zake, na hospitali zake, na ofisi yake ya kuwaita vijana. Jimbo la Petersburg liliwekwa mwaka wa 1864. Kisha mwaka wa 1874 ilitoka sheria ya kwamba kila kijana aliyefika miaka 20, mwana wa bwana na mwana wa mkulima sawasawa, aingie katika kura ya uaskari. Zamani mkulima aliyechukuliwa alitumika miaka 25, na watu wa kwao walimlilia kama maiti. Sasa alitumika miaka sita, akarudi nyumbani kuwa mtu wa akiba. Hivyo jeshi lilianza kuwa la watu wa nchi yote.

Katika jimbo la Petersburg walikaa askari walioitwa Walinzi. Vikosi viwili vya kwanza, Preobrazhensky na Semyonovsky, vilitwaa majina yao katika vijiji viwili karibu na Moscow, ambako Peter alipokuwa kijana alicheza vita pamoja na wenzake. Vikosi hivyo vilikuwa na heshima kubwa, na jemadari wa jimbo kwa miaka mingi alikuwa ndugu wa ukoo wa mfalme. Lakini heshima hiyo ilikuwa na hatari ndani yake, kwa kuwa askari waliowekwa karibu na jumba la mfalme huweza kutumwa kupigana na watu wa mji wao wenyewe. Jambo hilo lilitokea.

Siku ya Jumapili, tarehe 22 Januari 1905 kwa hesabu ya kalenda yetu, maelfu ya wafanya kazi waliliendea jumba la mfalme wakiongozwa na padre Georgy Gapon. Mgomo wao ulikuwa umeanza katika kiwanda cha Putilov, kiwanda kikubwa cha chuma na mizinga. Hawakuchukua silaha. Walichukua picha za watakatifu na picha ya mfalme mwenyewe, wakaimba nyimbo za dini, na mkononi walikuwa na barua ya maombi. Mfalme Nicholas wa Pili hakuwapo mjini. Waliowapokea ni askari wa jimbo lile, nao wakawapiga bunduki. Serikali yenyewe ilikiri kwamba watu kadiri ya 130 walikufa, na wengine husema walizidi sana. Tangu siku ile watu wengi wa Petersburg hawakumwita mfalme baba tena.

Miaka 12 ikapita. Mwaka wa 1914 vita kuu ilianza, na mji ukapewa jina la Petrograd. Wengi wa Walinzi wa zamani walikufa vitani, na makambi ya mjini yakajaa vijana wapya na watu wazima waliotolewa katika mashamba. Mwezi wa Machi 1917 mkate ulipungua, watu wakajaa barabarani. Jemadari Khabalov, mkuu wa jimbo, aliamriwa kukomesha ghasia, na tarehe 11 Machi askari wa kikosi cha Volynsky waliwapiga watu bunduki. Usiku ule askari hao hawakupata raha. Walishauriana na sajini wao, Timofey Kirpichnikov, wakapatana kwamba hawatawapiga tena. Asubuhi ofisa wao aliuawa, nao wakatoka kuviita vikosi vingine, hata kile cha Preobrazhensky. Ilipofika jioni jemadari hakuwa na jeshi. Siku tatu baadaye, tarehe 15 Machi, mfalme alijivua ufalme. Hivyo jimbo lililowekwa limlinde mfalme ndilo lililomwangusha, kwa sababu askari wake walikumbuka nyumba walizotoka.

Mwaka huo huo Wabolsheviki waliitwaa serikali, na mwaka wa 1918 makao makuu ya nchi yalihamishwa Moscow. Mwaka wa 1924 mji uliitwa Leningrad, na jimbo likafuata jina hilo. Walakini amani haikuja kwa majemadari. Mwaka wa 1937 Stalin aliwashuku wakuu wa jeshi lake mwenyewe. Iona Yakir aliteuliwa mwezi wa Mei kuwa mkuu wa jimbo la Leningrad, na kabla mwezi haujaisha alikamatwa, akauawa mwezi wa Juni. Pavel Dybenko alikuwa mmoja wa waamuzi waliomhukumu, naye akapewa jimbo lile. Mwaka wa 1938 yeye naye akauawa. Mamia na maelfu ya maofisa waliondolewa kwa namna hiyo, na waliobaki wakajifunza kunyamaza.

Jeshi lenye jeraha hilo ndilo lililotumwa Ufini. Mpaka wa Ufini ulikuwa kadiri ya kilomita 32 tu kutoka Leningrad, na Stalin alitaka usogezwe mbali ili mji uwe salama. Wafini wakakataa. Tarehe 30 Novemba 1939 majeshi ya jimbo la Leningrad, chini ya Kirill Meretskov, yalivuka mpaka. Warusi walidhani kazi itakwisha upesi, kwa kuwa watu wa Ufini hawakufika milioni nne. Lakini katika misitu yenye theluji Wafini waliwakata vipande vipande. Ilipofanywa amani tarehe 13 Machi 1940, Warusi walikuwa wamepoteza kadiri ya watu 127,000 waliokufa na waliopotea; Wafini kadiri ya 26,000. Mpaka ulisogezwa, na Wafini zaidi ya 400,000 wakaacha makwao.

Sisi tukaao mashambani twajua jambo hili. Mtu akiondoa mawe ya mpaka usiku ili shamba lake lipate nafasi, hujipatia kesi na jirani asiyelala. Mwaka wa 1941 Wajerumani walipoishambulia Urusi, Wafini waliingia vitani upande wao ili kuirudisha nchi yao. Wakasimama kaskazini mwa Leningrad, karibu na mpaka wa zamani, wakaifunga njia ya upande huo. Hivyo vita vilivyopiganwa ili mji uwe salama vilimfanya jirani kuwa adui, na adui huyo akawa upande mmoja wa kitanzi.

Warusi waingiapo katika vita kubwa, jimbo la amani la mpakani hugeuzwa kuwa medani, yaani amri moja juu ya majeshi yote yapiganayo upande ule. Siku mbili baada ya Wajerumani kushambulia tarehe 22 Juni 1941, jimbo la Leningrad likawa Medani ya Kaskazini. Mwezi wa Agosti ikagawanywa kuwa Medani ya Leningrad na ya Karelia. Askari hawakutosha, basi watu wa mji wakajiandikisha wenyewe, zaidi ya 100,000. Divisheni ya kwanza ya watu hao ilitoka katika mtaa wa kiwanda cha Kirov. Na kiwanda hicho ni kipi? Ni kile kile cha Putilov, kilichobadilishwa jina. Mahali palipotoka watu waliopigwa bunduki mwaka wa 1905, ndipo walipotoka watu wa kuulinda mji.

Tarehe 8 Septemba 1941 Wajerumani waliutwaa mji wa Shlisselburg, mahali mto Neva utokapo katika ziwa Ladoga, na njia zote za nchi kavu zikafungwa. Ndani walibaki watu kadiri ya milioni mbili na nusu. Wajerumani hawakutaka kuuingia mji. Walikusudia njaa ifanye kazi yao. Msomaji ajuaye habari za Samaria ulipozungukwa na Washami, katika kitabu cha pili cha Wafalme, aweza kufahamu kidogo. Tangu tarehe 20 Novemba mfanya kazi wa kiwandani alipewa mkate wa gramu 250 kwa siku, na watoto na wazee na makarani gramu 125, yaani kipande cha kuenea kiganjani, na mkate wenyewe haukuwa unga mtupu. Askari wa mstari wa mbele alipewa gramu 500, naye alipigana katika baridi kali. Watu walikufa njiani, na kazini, na vitandani. Baada ya vita Warusi walitaja hesabu ya zaidi ya 630,000 waliokufa kwa njaa, na wataalamu wengi wa leo huhesabu kadiri ya 800,000 au zaidi.

Mlango mmoja ulibaki, nao ni ziwa. Maji ya Ladoga huganda wakati wa baridi yakawa magumu kama sakafu. Tarehe 22 Novemba 1941 magari ya kwanza yalipita juu ya barafu kufuata unga. Mengine yalizama pamoja na madereva wao, mengine yakapigwa na ndege, lakini kazi haikukoma. Kwa njia hiyo, wakati wa baridi ya kwanza, zaidi ya watu 500,000 waliokuwa na njaa walitolewa mjini.

Tarehe 12 Januari 1943 majeshi ya Medani ya Leningrad, chini ya Leonid Govorov, yaliushambulia ukingo wa Neva kwa kupita juu ya barafu, na majeshi ya Medani ya Volkhov, chini ya Meretskov yule yule wa vita vya Ufini, yalikuja upande wa pili. Divisheni ya 136 ya jemadari Nikolai Simonyak ilikuwa mbele. Tarehe 18 wakakutana, na divisheni hiyo ikapewa jina la heshima, Divisheni ya 63 ya Walinzi. Jina la Walinzi, lililofutwa pamoja na ufalme, lilikuwa limerudi. Tarehe 7 Februari gari moshi la kwanza likaingia mjini. Na tarehe 27 Januari 1944 kitanzi kiliondolewa kabisa, baada ya siku 872.

Baada ya vita jimbo lilirudishwa mwaka wa 1945. Mji ulirudishiwa jina la Petersburg mwaka wa 1991, lakini jeshi likaendelea kuitwa la Leningrad. Mwaka wa 2010 liliunganishwa na jimbo la Moscow kuwa Jimbo la Magharibi. Mwaka wa 2022 Urusi iliishambulia Ukraine, na Jeshi la 6, lenye makao yake karibu na Petersburg, lilipigana upande wa Kharkiv. Wafini walipoona hayo waliomba kuingia katika mapatano ya NATO, wakapokelewa tarehe 4 Aprili 2023. Mwaka wa 2024 Warusi wakalirudisha jimbo la Leningrad, kwa kuwa mpaka wa kaskazini umekuwa tena mpaka wa kuogopwa. Hivyo jambo la mwaka wa 1939 limejirudia: jirani aliyetiwa hofu amejitafutia rafiki wenye nguvu.

Petersburg pana makaburi ya Piskaryovskoye, walikozikwa watu wapatao nusu milioni waliokufa katika kuzingirwa. Hakuna majina juu ya makaburi yale makubwa, mwaka tu umeandikwa juu ya jiwe. Penye nyota wamelala askari. Penye nyundo na mundu wamelala watu wa mji. Hakuna tofauti nyingine kati yao. Twaona kwamba jimbo hili liliutimiza wajibu wake siku zile askari na watu wa mji walipogawana njaa moja na kaburi moja. Siku nyingine, lilipowaelekezea bunduki watu wake au jirani zake, liliuongezea mji hatari. Tunapoomba kwa ajili ya wakuu wa mataifa na majeshi yao, na tuyakumbuke mawe yale.