Udon: Tambi za Kijapani na swali la ngano

UDON ni tambi nene, nyeupe, za Kijapani zinazotengenezwa kwa unga wa ngano, maji na chumvi pekee. Mkaazi wa Njoro au Molo aliyezoea kukanda chapati hatauona unga huo kuwa mgeni, ila hapa hapatiwi mafuta, na donge hufunikwa kwa plastiki likakanyagwa kwa miguu hadi likaze. Likishatulia, husukumwa, hukunjwa na kukatwa kwa kisu kipana. Tambi huchemshwa, kisha husuuzwa kwa maji baridi ili zisilegee.

Makao mashuhuri ya chakula hiki ni Kagawa, mkoa uliojulikana zamani kama Sanuki, katika kisiwa cha Shikoku. Mvua huko ni haba, hivyo wakulima walizoea kupanda ngano baada ya kuvuna mpunga. Mikahawa kadhaa ya huko ilianza kama karakana za familia za kutengeneza tambi, na katika baadhi yake mteja hupasha tambi zake mwenyewe na kujimiminia mchuzi.

Mchuzi huo hutokana na dagaa wakavu, mwani na sosi ya soya. Mlaji wa omena hatashangazwa na harufu yake. Kake huliwa katika mchuzi moto. Zaru hupakuliwa baridi juu ya ungo wa mianzi na kuchovywa. Kamaage hutolewa chunguni pamoja na maji yake, nayo kitsune huwekewa tofu tamu iliyokaangwa.

Kampuni ya Toridoll, yenye mikahawa ya udon ya Marugame Seimen, ilipoingia Nairobi mwaka 2015 ilichagua kuku wa teriyaki.

Ajabu ni kwamba ngano ya Kagawa yenyewe ilikaribia kutoweka katika bakuli la Kagawa. Wasagaji waliigeukia ngano ya Australia Magharibi, inayozipa tambi mnyumbuko unaopendwa. Ndipo mkoa ukazalisha mbegu yake, Sanuki no Yume 2000, yaani “Ndoto ya Sanuki”. Hata hivyo, ngano ya kigeni ingali inatawala.

Hali hiyo si ngeni Nakuru. Kituo cha utafiti cha Njoro kimeshughulikia mbegu za ngano tangu 1927, na aina kutoka mataifa mengi hupimwa huko dhidi ya kutu ya shina ya Ug99, iliyogunduliwa Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990. Ilhali sehemu kubwa ya ngano inayoliwa nchini Kenya huagizwa kutoka ng’ambo.