Vichocheo vya Nikeli katika Elektrolisisi ya Urea

Elektrolisisi ya urea ni njia ya kupata haidrojeni kwa kupitisha umeme katika maji yenye urea, ile ile iliyomo kwenye mkojo na kwenye mbolea ya wakulima. Kuyapasua maji matupu huhitaji, kinadharia, volti 1.23, kuipasua urea huhitaji 0.37 tu. Mwaka 2009 Gerardine Botte na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ohio, Marekani, walionyesha kwamba nikeli, metali rahisi mno ikipimwa na platinamu, inatosha kuwa kichocheo cha kutoa haidrojeni moja kwa moja kwenye mkojo.

Kazi nzito hufanyika kwenye anodi. Hapo kila molekuli ya urea hupokonywa elektroni 6 na kuishia kuwa nitrojeni na kaboni dayoksaidi. Kwenye kathodi maji huzipokea elektroni hizo na kutoa molekuli 3 za haidrojeni. Ndani ya potasiamu haidroksaidi, alkali inayotiwa kwenye maji hayo, nikeli hujifunika utando wa haidroksaidi wa rangi ya kijani. Volti ikipandishwa, utando hugeuka mweusi: umekuwa oksihaidroksaidi. Huo mweusi ndio unaoishambulia urea. Ukishazipata elektroni zake hurudi kijani, umeme huugeuza tena, na mzunguko huendelea.

Kikwazo kimejificha humo humo. Nikeli haigeuki nyeusi mpaka volti ikaribie 1.4, hivyo ile 0.37 hubaki kwenye karatasi. Hata hivyo faida ipo, kwa kuwa mitambo ya kawaida ya kupasua maji hutumia kati ya 1.8 na 2. Kobalti ikichanganywa na nikeli hushusha kiwango hicho cha kugeuka. Rodiamu nayo husaidia, lakini bei yake hukatisha tamaa. Wengine huipanda nikeli juu ya metali yenye matundu kama sifongo, ili urea ipate eneo kubwa la kugusa.

Hesabu inahitaji uangalifu. Kilo 1 ya haidrojeni hudai kilo 10 hivi za urea, yaani takriban lita 500 za mkojo. Kununua urea ya kiwandani kwa kazi hii ni hasara tupu, maana hutengenezwa kwa amonia, na haidrojeni ya amonia hiyo kwa kawaida imetoka kwenye gesi asilia. Mahali pa njia hii ni kwenye majitaka ya viwanda vya mbolea, mabanda ya mifugo na vyoo vya umma, tena mapema, kabla bakteria hawajaigeuza urea kuwa amonia.

Kwa hiyo naona kichocheo kisipimwe kwa wingi wa umeme kinaopitisha tu. Vipo vinavyopitisha umeme vizuri huku sehemu ya urea ikigeuka sianeti na nitriti badala ya nitrojeni, na maji yakitoka humo bado ni machafu. Nayo kaboni dayoksaidi hugeuka kabonati, ikila alkali ambayo mtambo mzima unaitegemea.