Urefu wa Mtutu katika Historia ya Kipunguza Sauti: Mfano wa XM177

Masimulizi ya kawaida hukichukulia kipunguza sauti kuwa kifaa kinachojitegemea. Hiram Percy Maxim alikisajili Marekani mwaka 1909, kikauzwa kwa wawindaji na walenga shabaha, kisha sheria ya silaha ya mwaka 1934 ikakitoza kodi ya dola 200. (Baba yake, Hiram Stevens Maxim, ndiye mbunifu wa ile rashasha inayofahamika vyema katika historia ya ukoloni wa Afrika Mashariki.) Kinachokosekana katika masimulizi hayo ni mtutu. Sehemu hii inajenga hoja kwamba dhima ya kifaa hiki haiwezi kubainishwa pasipo kujua urefu wa mtutu kilikofungwa.

Bunduki ya XM177, iliyotengenezwa na Colt na kutumiwa na Wamarekani katika vita vya Vietnam, inalidhihirisha jambo hilo. Mtutu wa M16 ulikuwa na inchi 20, na katika urefu huo sehemu kubwa ya baruti huwa imekwisha kuungua kabla risasi haijatoka. Ulipofupishwa hadi inchi 10, gesi ilitoka ingali na shinikizo kubwa, na mabaki ya baruti yakawaka nje ya mdomo wa mtutu. Askari alipata silaha nyepesi ya kubeba msituni. Ila mlio wake uliumiza masikio, na mwali wake ulimfichua usiku. Ndipo mdomoni pakafungwa kifaa cha inchi zipatazo 4, chenye nafasi za ndani za kuitanua gesi, ili mlio na mwali visizidi mno vile vya bunduki ndefu. Mwaka 1967, katika XM177E2, mtutu wenyewe uliongezwa hadi inchi 11.5.

Kifaa hicho, basi, hakikukusudiwa kuinyamazisha bunduki. Kilifidia inchi zilizokatwa, tena kwa gharama ya masizi yaliyoganda ndani yake. Hata hivyo, mamlaka za Marekani baadaye zilikiweka katika kundi la vipunguza sauti, na kwa hatua hiyo kikaangukia chini ya sheria ileile ya 1934. Sheria hiyo hudhibiti pia bunduki za mtutu mfupi, lakini huzitaja kando, kana kwamba mtutu na kilichofungwa mdomoni mwake havihusiani. Mtafiti anayetegemea orodha za kisheria pekee atakihesabu kifaa cha XM177 miongoni mwa silaha za siri, ilhali kilizaliwa na tatizo la kelele.