Yohana na Yahya katika Milima ya Usambara

Mwaka 1848 Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani, alipanda hadi Vuga, makao makuu ya Wakilindi, akapokewa na Kimweri ya Nyumbai. Alirudi tena mwaka 1852. Ziara hizo zimeelezwa sana na wanahistoria, lakini jina la mgeni mwenyewe halijapewa uzito unaostahili. Johann ni umbo la Kijerumani la jina la Kiebrania Yohanan, yaani “Mungu amefadhili”, lililopitia Kigiriki na Kilatini. Kutoka pwani, pamoja na Uislamu, nabii huyohuyo aliingia milimani kwa jina la Yahya. Wafasiri wa Kiarabu hulihusisha Yahya na kitenzi chenye maana ya kuishi, ufafanuzi unaoelekea kuwa wa kimapokeo zaidi kuliko wa kietimolojia. Wasemaji wa Kiswahili nao wamepachika irabu kati ya konsonanti mbili, wakapata Yahaya. Upande wa Wakristo, Waprotestanti husema Yohana na Wakatoliki Yohane.

La kustaajabisha ni kwamba vitabu vyote viwili vinalitaja jina hili kuwa geni. Katika Injili ya Luka, sura ya 1, jamaa wanalipinga kwa kuwa hakuna mtu wa ukoo wao aliyeitwa hivyo. Kurani, katika Sura Mariamu, aya ya 7, inaeleza kwamba halikupata kupewa mtu yeyote kabla yake. Pingamizi la jamaa wale lingeeleweka mara moja Vuga, ambako jina humrudia mjukuu: Kimweri ya Nyumbai alifariki mwaka 1862, na mjukuu wake, mwana wa Semboja, akatawala kwa jina la Kimweri Maguvu.

Misheni ya Bethel ilipoanza kazi Mlalo mwaka 1891, mmoja wa waanzilishi wake alikuwa Ernst Johanssen, ambaye jina lake la ukoo lina maana ya “mwana wa Johann”. Aliyebatizwa Yohana alipokea jina lisilo la babu yeyote. Ubatizo ulimtenga na mfululizo wa wahenga wake, na huo haukuwa mzigo mdogo. Hata hivyo, Yohana huyo naye alizeeka, akapata wajukuu. Mtoto anayeitwa Yohana leo kwa kumrithi babu yake, sawa na mwenzake Yahaya, amepewa jina kwa kanuni ileile ya Wakilindi. Kuyaorodhesha majina haya chini ya “majina ya kigeni”, kama ifanywavyo mara nyingi, ni kutazama asili ya neno na kusahau utaratibu wa kulitoa.