Ujumbe Ulioishia Njiani

Kutoka nyumbani kwetu Namasakata hadi shamba la mikorosho la babu ni mwendo wa nusu saa. Dada yangu alitumia saa nzima. Alikuwa na vituo vyake: mwembe wa kwanza, kichuguu kikubwa, halafu gogo ambalo hakuna aliyekumbuka lilianguka lini. Tulipokuwa wadogo tulimcheka, tukamwita mvivu. Siku moja Mama alituchapa kwa kicheko hicho, wala hakueleza kwa nini.

Dada alizaliwa na selimundu. Hilo lilijulikana mapema, maana maumivu hayafichiki: mtoto anaamka usiku akilia mifupa, vidole vimevimba, macho ya manjano. Ambacho hakikujulikana ni kwa nini, alipovuka miaka ishirini na maumivu yakaanza kumpa nafasi, pumzi nayo ikaanza kumwishia. Mahali pamoja aliambiwa damu imepungua. Mahali pengine aliambiwa ni pumu, akapewa dawa ya kuvuta ambayo haikumsaidia chochote. Jirani mmoja, kwa nia njema kabisa, alisema amerogwa. Mpaka alipofika Dar es Salaam, akalazwa ubavu kwenye chumba chenye giza, mtaalamu akamtembezea kifaa kifuani huku akitazama moyo wake kwenye skrini, akasema taratibu kwamba presha ya mapafu huenda imepanda.

Nilikuwa nimekaa pembeni nimeshika mkoba wake. Presha niliyoijua mimi ni ile inayopimwa mkononi, ya wazee na chumvi. Sikujua kama mapafu nayo yana presha yao. Nikaanza kusoma, na nilichokikuta ni historia ndefu ya ujumbe mmoja mfupi sana ambao mwili hujitumia wenyewe kila sekunde.

Nianze na moyo. Upande wa kushoto husukuma damu mwili mzima, na kazi hiyo inahitaji nguvu. Upande wa kulia husukuma damu ile ile kwenda mapafuni tu, hapo jirani, kupitia mishipa laini na mipana. Ndiyo maana presha ya mapafu kwa mtu mzima mwenye afya ni ndogo: wastani wa milimita 14 hivi za zebaki, wakati ya mwilini ni kama 90. Upande wa kulia wa moyo umeumbwa kwa kazi nyepesi. Mishipa ya mapafu ikibana na kukakamaa, moyo huo hupewa mzigo usio wake. Hunenepa, hutanuka, mwishowe huchoka. Mwenyewe huona tu kwamba kila mwaka mwembe umesogea mbali zaidi.

Mwaka 1910, huko Chicago, daktari James Herrick alichapisha habari za mwanafunzi wa udaktari wa meno kutoka kisiwa cha Grenada, Walter Clement Noel. Chini ya hadubini chembe zake nyekundu za damu zilionekana ndefu na zilizopinda kama mundu. Ni maelezo ya kwanza ya selimundu katika majarida ya tiba ya Magharibi, ingawa bibi zetu walikuwa wakiwazika watoto wa ugonjwa huo tangu zamani bila kusubiri hadubini. Noel alirudi kwao, akafungua chumba cha meno, akafa mwaka 1916 kwa nimonia. Huwa narudi kwenye habari hiyo. Mgonjwa wa kwanza kuandikwa, na kilichomwondoa kilikuwa mapafuni.

Sura iliyofuata iliandikwa kwetu. Anthony Allison, aliyelelewa Kenya, alijiunga mwaka 1949 na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford kwenda Mlima Kenya, akawa anakusanya damu za watu wa sehemu mbalimbali. Akagundua kwamba wanaobeba nusu ya urithi wa selimundu walikuwa wengi pwani na karibu na Ziwa Victoria, na wachache nyanda za juu zenye baridi. Ramani hiyo ililingana na ramani ya mbu. Mwaka 1954 alitoa ushahidi kwamba mtoto aliyerithi nusu hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Anayerithi kwa baba na kwa mama ndiye anayelipa bei. Niliposoma hayo niliwafikiria wazazi wangu, wote wawili wazima wa afya, waliokulia kwenye mabonde ya Tunduru ambako malaria ni kama msimu mwingine wa mwaka. Walinusurika na kitu, na kitu hicho hicho ndicho kilichomwangukia binti yao.

Lakini Allison hakuwa akitafuta pumzi. Habari ya pumzi ilitoka upande mwingine kabisa, kwa mtu aliyekuwa akichezea vipande vya mishipa ya sungura.

Robert Furchgott, mjini New York, alitatizwa na dawa moja iliyopaswa kulegeza mshipa, ambayo katika maabara yake iliubana. Mwaka 1978 msaidizi wake alikosea hatua za jaribio, na mshipa ukalegea. Walipofuatilia wakaona siri iko kwenye utando mwembamba wa seli unaotanda ndani ya mshipa. Siku zote walipokuwa wakiandaa vipande, walikuwa wanaukwangua bila kujua. Utando ukibaki, mshipa hulegea. Ukikwanguliwa, mshipa hausikii. Furchgott alichapisha matokeo hayo mwaka 1980, akasema seli hizo hutoa kitu fulani kinachoamuru misuli iliyo nyuma yake ilegee. Kitu gani? Miaka kadhaa ilipita kabla ya Salvador Moncada na wenzake huko Uingereza, na Louis Ignarro huko Marekani, kuonyesha mwaka 1987 kwamba ni gesi: nitriki oksaidi, ndugu wa moshi wa magari. Ferid Murad alikuwa ameshaona miaka ya sabini kwamba gesi hiyo hutoka kwenye dawa za zamani za moyo. Mwaka 1998 Furchgott, Ignarro na Murad walipewa Tuzo ya Nobel. Moncada aliachwa, na wengi bado wanalinung'unikia jambo hilo. Mimi nawaunga mkono.

Njia yenyewe ni fupi. Seli za utando huchukua kirutubisho kiitwacho aginini, kilichomo hata kwenye karanga, na kukitengenezea nitriki oksaidi. Gesi hupenya hadi kwenye seli ya msuli na kuamsha kimeng'enya, nacho huzalisha kijumbe kingine ndani ya seli, GMP ya mzunguko, kinachouambia msuli ulegee. Kimeng'enya cha pili huja kukifuta kijumbe hicho ili mshipa usilegee milele. Dawa ya sildenafili, ambayo vijana wa mjini wanaijua zaidi kwa jina la Viagra, hufanya kazi moja tu: humzuia huyo mfutaji. Mwaka 2005 iliidhinishwa Marekani kutibu presha ya mapafu. Kuna ujumbe wa kinyume pia, endothelini, uliogunduliwa Japani mwaka 1988, ambao huamuru mshipa ubane. Afya ya mapafu ni mabishano ya sauti hizi, bila yoyote kuzima nyingine.

Sasa nirudi kwa dada. Chembe nyekundu ya kawaida huishi siku kama 120. Yenye umbo la mundu hupasuka baada ya wiki mbili tatu. Ikipasuka humwaga himoglobini nje, kwenye maji ya damu, na himoglobini iliyo nje huimeza nitriki oksaidi kwa kasi kubwa. Chembe hiyo hiyo humwaga pia kimeng'enya kinachoharibu aginini. Yaani barua inachomwa, na karatasi za kuandikia nyingine nazo zinachomwa. Watafiti wa Marekani, Mark Gladwin akiwa miongoni mwao, walieleza habari ya himoglobini mwaka 2002. Mwaka 2004 wakatoa taarifa iliyotikisa madaktari: kati ya watu wazima 195 wenye selimundu waliopimwa kwa mawimbi ya sauti, karibu thuluthi moja walikuwa na dalili za presha ya mapafu, na hao ndio waliokuwa wakifa zaidi.

Kilichofuata kilionekana rahisi. Kama ujumbe unapotea, mzuie mfutaji. Wagonjwa wa selimundu wakapewa sildenafili katika jaribio kubwa, na mwaka 2009 likasimamishwa kabla ya wakati. Waliomeza dawa walikuwa wakilazwa kwa maumivu makali kuliko waliopewa vidonge vitupu. Kisha, mwaka 2011, Wafaransa waliwapima wagonjwa 398. Kipimo cha mawimbi kilimshuku zaidi ya mmoja katika kila wanne, lakini walipopitisha mrija hadi ndani ya moyo na kupima presha yenyewe, waliothibitika walikuwa asilimia 6. Wapo wataalamu wanaosema hadithi ya gesi imekuzwa kupita kiasi. Nadhani wana hoja, ila hawajanieleza bado kwa nini dada anakaa kwenye gogo.

Muhimbili, ambako Profesa Julie Makani na wenzake walianza mwaka 2004 kuwaandikisha wagonjwa wa selimundu na kuwafuatilia mwaka hadi mwaka, kulifanyika jaribio la njia hii hii, la namna ya kwetu. Watoto 119 wa miaka 8 hadi 12 walipewa chakula cha nyongeza kilichotiwa aginini na sitrulini, na kwa kipindi kingine chakula kisicho na nyongeza hizo, miezi minne kila kimoja, pamoja na klorokwini, dawa ile ya malaria tuliyokua nayo na uchungu wake. Kilichopimwa kilikuwa ni mshipa wa mkono, unavyotanuka, si mapafu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018: vyakula viwili havikutofautiana waziwazi, ila baada ya kula, chochote kati ya hivyo, mishipa ya watoto ilitanuka vizuri kuliko mwanzo, na wakaongezeka uzito kidogo. Nilicheka peke yangu. Teknolojia yote ile, na jibu likaegemea upande wa Mama, ambaye tangu zamani alikuwa akimfichia dada karanga za kukaanga kwenye kopo la maziwa.

Dada anameza haidroksiyurea sasa, dawa inayopunguza kupasuka kwa chembe. Kipimo cha mrija hajafanyiwa. Daktari alimwambia asiogope skrini, kwamba kushukiwa si kuhukumiwa, ila arudi apimwe tena, na ikibidi wataamua juu ya mrija. Likizo iliyopita nilimsindikiza shambani. Tulikaa kwenye mwembe, tukakaa kwenye kichuguu, na kwenye gogo nikamweleza habari ya gesi na barua zinazochomwa njiani. Alisikiliza mpaka mwisho, akihema.

"Kwa hiyo sikuwa mvivu," akasema.

"Hukuwa."

"Kawaambie na wenzako."

Kutoka Namasakata hadi Tunduru mjini, kutoka Tunduru hadi Dar es Salaam, kwa watu wawili, kwenda na kurudi, na siku za kulala huko: tulipiga hesabu pale pale kwenye gogo kwa kijiti, juu ya vumbi. Mikorosho ilikuwa imeanza kutoa maua.