Liva Iliyogoma Obunga: Historia Fupi ya Fowili kwenye Trekta Ndogo

Nimezoea kuwaletea habari za programu na kompyuta, lakini leo naomba mnivumilie nizungumze habari za trekta. Mbele mtaona kwamba hatujatoka mbali sana na kazi yetu.

Jumamosi moja nilikuwa Obunga, mtaa ulio karibu na eneo la viwanda, ule unaojulikana kwa mgongo wazi, yaani mifupa ya mbuta (sangara kwa ndugu zetu wa Tanzania) inayobaki viwandani minofu ikishatolewa, ambayo akina mama huikaanga na kuiuza. Mbele ya banda la fundi mmoja wa jua kali ilisimama trekta ndogo ya Kijapani. Ilikuwa imelima Kano, kisha ikaja mjini kwa lami, zaidi ya kilomita 20, kuchomelewa plau. Dereva alitaka kutoa fowili ili magurudumu ya mbele yaache kuvuta. Liva ikagoma. Akavuta kwa mkono mmoja, akavuta kwa miwili, mwishowe akaleta bomba la chuma alichomeke kwenye liva apate nguvu zaidi.

"Wacha, nyathina," fundi akamwambia. "Ukivunja hiyo, msimu wako umekwisha."

Mzee akapanda mwenyewe, akawasha, akairudisha trekta nyuma polepole kama mita mbili. Akasimama, akakanyaga klachi, akaisukuma liva kwa vidole viwili. Ikatoka.

"Jaduong', umefanya nini?" nikamuuliza.

"Nimeifungua tu. Ilikuwa imejisokota."

Neno hilo lilinifuata hadi nyumbani. Chuma kinajisokotaje? Nikaanza kusoma, na haya ndiyo niliyoyapata.

Tuanze na mwendo wenyewe. Gari likikata kona, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Angalia alama za matairi kwenye mchanga utaona. Difu ndani ya ekseli huruhusu gurudumu la kulia na la kushoto kwenda kwa kasi tofauti, lakini trekta nyingi ndogo hazina difu nyingine kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Ukiingiza fowili, ekseli hizo mbili zinafungwa pamoja kwa meno ya gia. Isitoshe, watengenezaji huyapa magurudumu ya mbele mwendo wa ziada kidogo, asilimia 1 hadi 5 hivi, ili yavute badala ya kuburuzwa. Tuchukue asilimia 3: kila mita 100, ya mbele yanataka kwenda mita 103. Kwenye tope hizo mita 3 hupotea kwa kuteleza. Kwenye lami hazina pa kwenda. Tairi linalika, shafti zinajipinda kama kamba inayosukwa, na meno ya gia yanabanana. Kazi ya liva ni kutelezesha gia moja iachane na nyingine. Meno yakiwa yamebanana, utavuta hadi kesho.

Tatizo hili ni la zamani kuliko trekta ile. Land Rover ilipoonyeshwa mara ya kwanza Amsterdam, Aprili 1948, ilikusudiwa hasa kwa wakulima. Zile za kwanza zilivuta kwa magurudumu manne muda wote, na wahandisi waliziwekea kifaa kilichoyaacha magurudumu ya mbele yazunguke huru pale yalipotaka kwenda kasi kuliko ya nyuma. Mwaka 1950 waliachana na kifaa hicho, na uamuzi ukahamia mkononi mwa dereva. Wazee wetu walioendesha Land Rover za miaka iliyofuata wanakumbuka vile virungu viwili, cha manjano na chekundu. Sisi waandishi wa programu tunaujua mtindo huu: jambo likiwa gumu kuamuliwa na mashine, tunamwekea mtumiaji kitufe achague mwenyewe. Shida huanza pale kitufe kinapomfikia mtu na maelezo yake yasimfikie.

Mashine husafiri na udongo iliyotengenezewa. Tanganyika ililijua hilo kwa gharama kubwa. Mpango wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947 ulilenga kulima zaidi ya ekari milioni 3, Kongwa ikiwa mahali pa kuanzia. Yalikuja matrekta yaliyokwisha kutumika, na hata vifaru vya vita vya Sherman vilivyogeuzwa kuwa trekta na kuitwa Shervick. Lakini udongo wa Kongwa ukikauka hugeuka kama tofali, na majembe yakalika upesi. Mwaka 1951 mpango ulifutwa, mamilioni ya pauni yakiwa yamepotea. Nguvu za injini zilikuwepo, ila ardhi haikusomwa kwanza.

Trekta ya Obunga nayo ina udongo wake wa asili. Nchini Japani mashamba mengi ya mpunga ni madogo na hujazwa maji. Kampuni ya Kubota, iliyoanzishwa Osaka na Gonshiro Kubota mwaka 1890 kama kiwanda cha kusubu chuma, ilitoa trekta yake ya shambani mwaka 1960, na Iseki na Yanmar nazo zimo katika kazi hiyo hiyo. Trekta nyepesi ikiingia kwenye tope, magurudumu ya nyuma huzunguka bure, kwa hiyo ya mbele lazima yasaidie. Fowili ya trekta hizi ni mtoto wa tope.

Tope hilo Kano lipo. Uwanda huu si mgeni kwa mashine: Miwani sukari ilianza kusagwa mwaka 1922, kilimo cha mpunga cha kumwagilia kilianza Ahero mwaka 1969, kisha Kano Magharibi mwaka 1976. Enzi hizo Bodi ya Kitaifa ya Unyunyiziaji ilivuruga mashamba kwa matrekta yake na kumkata mkulima gharama kwenye malipo ya mavuno. Leo kuna wenye trekta binafsi wanaokodisha kwa ekari, na karakana yao ni fundi kama yule wa Obunga. Tofauti na shamba la mpunga ni kwamba trekta ya kukodisha haikai topeni. Asubuhi iko majini, mchana iko kwenye lami ikienda kwa mteja mwingine. Dereva akisahau liva, msokoto unaanza.

Basi ukikutana na liva ngumu, usikimbilie bomba. Kamba hukatikia pembamba, na hapa pembamba ni ile panda ndogo inayosukuma gia ndani ya giaboksi. Ikivunjika, giaboksi inafunguliwa wakati majirani wanapanda.

Kwanza rudi nyuma mita moja au mbili, usukani ukiwa umenyooka, simama, kanyaga klachi, kisha jaribu kwa wepesi. Ikikataa, zima injini, weka mawe kwenye magurudumu ya nyuma, inua gurudumu moja la mbele kwa jeki. Msokoto hauna tena pa kushikilia, nalo gurudumu linaweza kuruka ghafla, kwa hiyo mikono iwe mbali. Liva ikibaki ngumu hata hapo, tafuta kosa kama tunavyotafuta kwenye programu, kwa kugawa nusu. Fungua fimbo inayounganisha liva na giaboksi. Liva ikiwa bado nzito peke yake, ugonjwa uko nje: tope lililokauka, kutu kwenye egemeo, grisi iliyokwisha. Safisha, tia mafuta ya kulegeza kutu, paka grisi. Liva ikiwa nyepesi na mkono wa giaboksi ndio mgumu, ugonjwa uko ndani. Angalia oili: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Na kama tatizo linarudi kila wiki, tazama matairi. Ukiweka ya mbele ya kipimo tofauti, ile asilimia 3 inaweza kuwa 8 bila wewe kujua.

Nilirudi Obunga siku chache baadaye. Karibu na liva palikuwa na kibandiko cha Kijapani kilichofifia. Nikakipiga picha, nikaipa simu itafsiri. Kilisema, kwa maneno mabovu ya mashine, kwamba magurudumu manne ni ya shambani, barabarani tumia mawili. Miaka yote ile jibu lilikuwa pale pale, sentimita chache kutoka mkononi mwa dereva, kwa lugha asiyoijua.

Mzee alicheka sana. Kisha dereva akaomba rangi nyeupe bandani, akaandika juu ya kibandiko kwa herufi kubwa: LAMI – TOA.

Hayo ndiyo maelezo bora ya mtumiaji niliyoyasoma mwaka huu.